Thelathini wa Saa Moja Kasorobo

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwenda stesheni saa moja na robo kukata tiketi za kesho, yangu na ya Baba. Nimekuta mgeni — karani kutoka makao makuu, ana kidude cha kubofya mkononi. Anahesabu abiria. Wakipungua thelathini, treni haitasimama hapa tena. Itapita tu! Alihesabu saa moja kasorobo, kama ratiba inavyosema, akapata wanne. Wa nne ni stesheni masta mwenyewe.

Sasa nani huja saa moja kasorobo? Treni yenyewe huja saa moja na nusu, ikijitahidi.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali na Baba. Treni imechelewa dakika hamsini. Dirisha halifungi, choo hakina maji. Lakini Baba kalala njia nzima, benchi zima lake, miguu juu. Basi lingemrusharusha kwa masaa manne, na choo hakuna, hata hicho kikavu. Mimi hupanda kwanza kumwekea mto, kisha nashuka kumchukua. Dereva anakunywa chai, hana haraka. Abiria wanalijua benchi lake. Hakai mtu.

Nesi kafoka tena: mashine ya kusafisha damu inamsubiri mwisho saa nne, ikipita hapo anawekwa mwingine. Tumeingia saa nne kasoro dakika tano. Roho ilikuwa mkononi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfuata karani. Nimemwambia abiria tupo tele, ila tunakuja treni inapokuja. Akasema fomu inataka saa ya ratiba, na fomu hakuitunga yeye. Si mtu mbaya. Ana mafua, anapenga kila baada ya neno la tatu. Mwishowe akasema Ijumaa ndiyo hesabu ya mwisho: akiona thelathini wamesimama saa moja kasorobo, ataandika thelathini.

Baba kacheka mpaka kakohoa. Eti watu waamke mapema kuisubiri treni ichelewe!

Alhamisi, 6 Machi
Nyumba kwa nyumba, miguu inawaka moto. Mwalimu mkuu atakuja. Fundi viatu atakuja na mkewe. Mama wa mitumba kasema hajawahi kuamka mapema kwa ajili ya mume, seuze treni. Nilipomtajia Baba akasema sawa, atakuja na wenzake.

Kesho ni zamu ya Baba ya mashine tena; mume wangu atamleta kwa baiskeli saa moja na robo, kama siku zote. Kumkalisha mgonjwa kwenye baridi bure, ya nini? Nimesema hivyo mimi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi — ndani ya treni
Thelathini na wanne! Karani alibofya huku anapenga. Mama wa mitumba alikuja na kilemba cha kulalia. Tukapiga makofi jamani, tukakumbatiana.

Karani hajamaliza kuandika — honi. Treni! Kwa wakati! Mkubwa wa reli yumo behewa la mbele, anakagua.

Nikampigia mume wangu. Ndiyo kwanza anamvalisha Baba viatu. Nikapanda kumwomba gadi tusubiri kidogo. Mto nikauweka palepale, mkono umeshazoea. Gadi akasema leo haiwezekani, dada, mkubwa anaangalia saa. Na dereva leo hakunywa chai. Nilipogeuka mlangoni, stesheni ilikuwa inabaki nyuma. Kuruka nimeogopa. Najilaumu, lakini nimeogopa.

Mume wangu kasema anatafuta gari. Hajapiga tena.

Kadi ya hospitali ninayo mimi. Treni inakwenda vizuri mno, hata dirisha wamelitengeneza. Saa mbili na nusu tutakuwa tumefika. Behewa limejaa. Mwalimu mkuu kasimama, fundi viatu na mkewe wamesimama. Kwenye benchi la Baba kuna mto tu. Hakai mtu.