Kiputo cha Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hili nikilisema nyumbani nimekwisha. Mimi na marehemu kaka tulikuwa tunakereza kalamu, za mbao na za plastiki ya kumimina, na kabla hajazidiwa alimimina kipande kimoja cha buluu, ndani kikabaki kiputo cha hewa, mama alipokiona kaka akamtania, "Hiyo pumzi yangu, mama, nimekuwekea akiba," na tulipomzika kaka, mama akataka kipande hicho kiwe kalamu yake. Kaka alinionya miaka yote kwamba mbao inasamehe, plastiki haisamehi, ukitoboa ingiza keekee kidogo, itoe, iache ipoe, lakini siku ile nilikuwa na uchungu, sikutaka hata kukitazama, nikasukuma moja kwa moja, plastiki ikayeyuka ikang'ang'ania keekee, kikapasuka vipande vipande. Nikakereza kingine cha buluu cha dukani, nikampa, nikanyamaza. Macho ya mama yamefifia tangu msiba, kila Jumapili ananipa kidole chake nimwonyeshe kiputo kilipo, nami nakiweka popote tu, anatabasamu. Vile vipande bado ninavyo kwenye kopo. Nifanye nini?

Mkereza Kalamu

Mkereza, pole kwa msiba. Kupasua kipande ni ajali ya kazi, na kaka yako naye lazima alipasua vyake kabla ya kuanza kuonya wengine. Hilo sikulaumu. Lakini kushika kidole cha mama yako kila wiki na kukiweka pasipo na kitu, hiyo si ajali, bwana. Wala usiseme unamhurumia. Unaogopa kugombezwa, na ndevu zako hizo.

Tena unasema "popote tu". Leo karibu na ncha, wiki ijayo karibu na kibanio. Mtu ambaye macho yamemtupa hukariri kwa vidole. Nadhani mama alishajua zamani, na anatabasamu kwa ajili yako, maana mtoto aliyebaki ni wewe.

Jumapili hii usingoje akupe kidole. Piga msasa kingo za vile vipande zisimkate, mwekee kopo mapajani, sema, "Mama, nilikipasua." Habari za joto na keekee baki nazo. Akilia, lia naye. Kisha mwache apapase mwenyewe. Kama kilipasukia kwenye kiputo, kutakuwa na kishimo, na kidole chake kitakijua.

Asipokipata, usimtafutie.