Pikipiki Ilipozima Njiani Kwenda Kiranjeranje

Jumatano asubuhi, Kiranjeranje. Manyunyu yamekatika sasa hivi, uani kumebaki matope na moshi wa kuni mbichi. Wanawake wanachambua mchele wa msibani. Mimi nimejitenga nyuma ya banda la mbuzi na simu yangu, naandika kwa sababu kifua kimejaa.

Jana tulikuwa tunakuja kuzika.

Aliyefariki ni Bi Zainabu, mdogo wake mama mkwe wangu. Tumbo moja, na kati ya ndugu zao wote walikuwa wamebaki wao wawili tu. Habari ilitufikia nyumbani Mitwero mabasi ya alfajiri yakiwa yameshapita. Maziko yalipangwa baada ya swala ya Adhuhuri. Mume wangu, Swalehe, yuko kazini Mtwara. Chombo kilichokuwepo ni pikipiki yangu, ile ninayozungukia nayo vijijini kuuza ndoo na mabeseni.

Mama, yaani mama mkwe, alikuwa hajawahi kuipanda. Tangu niolewe, suala la mimi kuendesha pikipiki halizungumzi, analigunia. Lakini jana alijifunga kanga zake, akakaa nyuma yangu, akanishika kiuno kwa nguvu mpaka mbavu zikauma. Tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaiacha Mchinga nyuma pikipiki ilipozima. Haikukohoa, haikupungua nguvu kama inavyofanya mafuta yakiisha. Ilikata tu, mara moja.

Niliisukuma pembeni, nikawasha swichi. Taa ya kijani ya dashibodi haikuwaka. Honi kimya, stata kimya, nikapiga kiki wapi. Swalehe aliwahi kunifundisha: kikifa kitu kimoja, kitafute chenyewe, vikifa vyote kwa pamoja, rudi kwenye betri. Nikafungua kifuniko cha ubavuni. Nyaya za betri zilikuwa zimekaza vizuri. Nikachomoa fyuzi, nikaielekeza juani. Uzi wake ulikuwa umekatika katikati.

Fyuzi ya akiba ilikuwemo. Nikaiweka, taa ikawaka, nikamwambia Mama twende. Nilijiona fundi kweli.

Kwenye kona ya mbele ikazima tena.

Hapa ndipo ninapojilaumu. Fyuzi haiungui bure. Nilijua kuna waya mahali umechubuka na unagusa chuma, lakini kwa haraka yangu sikuutafuta. Sasa akiba imeungua, jua limepanda, na pande zote mbili za barabara ni pori.

Ikaja pikapu iliyojaa magunia ya ufuta. Dereva akasimama. Ndani walikuwa wamebanana, akasema anaelekea Nangurukuru, atapita Kiranjeranje, na anaweza kumbana mtu mmoja tu.

"Mama, panda," nikamwambia. "Wewe utawahi. Mimi nitakuja."

"Nikuache hapa na nani?"

"Nimezoea, Mama. Kila wiki niko barabarani."

"Umezoea ukiwa peke yako. Leo umetoka na mimi."

"Hutamwona Mama mdogo."

Nilimwona akitazama mlango wa gari, ulikuwa wazi. Kisha akamgeukia dereva: "Nenda, baba. Mungu akubariki."

Pikapu ikaondoka. Sikujua nilie au nimkasirikie.

Mama akakaa kwenye majani. "Haya," akasema, "inaumwa wapi?"

Nikamweleza kwamba umeme unavuja, lakini nyaya zimepita kila mahali, chini ya kiti, chini ya tangi, mpaka kwenye taa ya mbele. Nikaanza kufungua kiti. Alikuwa akinitazama, akasema, "Mara zote mbili ulikuwa unakata kulia."

"Una hakika, Mama?"

"Nilikuwa nimefumba macho kwa hofu. Mwili ukanilalia kulia, na ngurumo ikakatika."

Nikauacha kiti. Nikaenda mbele, nikauzungusha usukani kulia taratibu, huku nikichungulia nyuma ya taa. Nikaliona. Fungu la nyaya lilikuwa limeshuka kutoka kwenye kibanio chake, na kila usukani ulipokwenda kulia lilibanwa kwenye fremu. Waya mmoja ulikuwa umelika mpaka shaba inang'aa.

Sikuwa na selotepu ya umeme. Nilikuwa na mpira wa tyubu ninaofungia mzigo. Nikakata kipande kwa kisu, Mama akaushika usukani ukiwa umenyooka, mimi nikauviringisha ule waya, nikalirudisha fungu lote juu na kulifunga. Badala ya fyuzi nilichuna uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa indiketa. Mmoja tu, ili ikitokea shoti nyingine ukatike wenyewe, usiiunguze pikipiki nzima.

Taa ya kijani ikawaka. "Alhamdulillahi," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaipigapiga ile pikipiki tangini, kama vile ni ng'ombe.

Kila kona ya kulia mikono yake ilikaza kiunoni kwangu, nami nikapunguza mwendo. Haikuzima tena.

Tulipoingia kijijini, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe.

Mama alishuka akasimama palepale. Binti wa marehemu alimjia mbio, akamwangukia. "Mama mkubwa, tulisubiri. Wallahi tulisubiri, wakasema swala imefika."

Wanawake wakauliza kilichotuchelewesha. Niliinamisha kichwa, nikingoja neno pikipiki. Mama akajibu, "Tulipata udhuru njiani." Akaishia hapo. Habari ya pikapu hakuitaja kabisa, na mpaka sasa hakuna anayeijua hapa isipokuwa sisi wawili.

Asubuhi hii nilikuwa naosha vikombe, nikamsikia Mama mkekani anamuuliza yule binti kwa sauti ndogo uso wa mdogo wake ulikuwaje. Binti akamwambia ulikuwa umetulia, kama amelala. Mama akauliza tena, na macho je? Yalifumbwa vizuri? Akaambiwa ndiyo. Baada ya muda akauliza tena yaleyale.

Niliondoka pale.

Ningeutafuta ule waya mara ya kwanza, angewahi. Hilo nitakaa nalo. Nimemtumia Swalehe ujumbe kwamba tumefika salama, na kwamba kabla ya kurudi nitatafuta fyuzi halisi na selotepu. Mengine sijayaweza kuyaandika kwake.

Nimejiuliza tangu jana. Ingekuwa aliyevishwa sanda ni dada yangu, na pikapu imesimama mlango wazi, ningebaki barabarani na Mama?

Ningependa kujibu ndiyo papo hapo. Bado nafikiri.