Mzee Niliyemrudisha Kwake

Dada Skola,

Shikamoo. Najua umeitikia huku unaitikisa bahasha kuona kama kuna picha. Hazimo, nisamehe. Bibi anaendeleaje? Mguu umepungua kuvimba? Bado anaamka alfajiri anadai jembe lake? Na wewe mgongo wako, maana wa kwako huwa huusemi. Mahindi huko Maposeni nadhani yameshaanza kubeba. Huku Ujerumani nje ni theluji tu, hata majani ya kulisha mbuzi mmoja huyapati.

Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Nimeandika kwa karatasi na kumpa mtawa mmoja anayerudi Peramiho, kwa sababu nikikutumia ujumbe wa sauti wewe unaufungulia palepale jikoni, simu juu ya ndoo, na Bibi anasikia kila neno. Haya sitaki ayasikie. Soma ukiwa peke yako.

Dada, nusura nirudishwe nyumbani, na mwaka wangu wa kujitolea haujafika hata nusu. Siku zote zile nilikuwa nawaza jambo moja. Wewe umefunga saluni yako ya Lizaboni, ukarudi kijijini kukaa na Bibi ili mimi nipande ndege, halafu nikutokee mlangoni na begi, nikwambie wamenifukuza. Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana ukisikia nusu utanitetea bure.

Unaikumbuka ile familia ya kwanza iliyonipokea, niliyokonda kwao nikakwambia ni baridi? Haikuwa baridi. Wakinikaribisha chakula nasema asante, nimeshiba, kama tulivyolelewa, nangoja waseme "jamani, hata kidogo." Nani aseme! Sahani inaondoka naiangalia hivi hivi. Baada ya wiki kadhaa wakaenda kwenye ofisi inayotusimamia wakasema msichana wetu hali, bila shaka hatupendi. Ndipo nikahamishiwa kwa Mama Jonas.

Jina lake ni Birgit, naye alitaka nimwite hivyo hivyo, lakini mtu mwenye umri wa kunizaa nitamwitaje jina? Nikamwita kwa mwanawe, ambaye anasoma mji mwingine. Alicheka, akazoea. Anaishi peke yake, anaongea kidogo, ila jioni alikuwa ananiwekea chakula bila kuniuliza. Nilimpenda, nakwambia kweli.

Chumba alichonipa kina kabati kubwa, na ndani yake lilikuwa limebaki koti moja zito la kiume. Nikamuuliza ni la nani. Akasema la baba yake. Mimi na mdomo wangu huu unaoujua nikasema, "Pole sana mama, alifariki lini?"

Akanitazama. "Hajafariki. Yuko kwenu kazini. Ghorofa ya pili."

Dada, nilikosa pa kuuficha uso. Kazi yangu ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilishakuambia. Nagawa chai, nasukuma viti vya magurudumu, nawachana nywele bibi zangu wa Kizungu. Kumbe Mzee Walter, yule anayevaa kofia kila asubuhi akakaa mlangoni akisema anaenda kwake, ndiye mwenye chumba ninacholala! Wafanyakazi wanamjibu, "Baada ya chakula." Chakula kikiisha wanamjibu, "Baada ya kahawa." Niliwachukia, sikufichi. Na Mama Jonas nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Nyumba ya vyumba vinne, mtu mmoja, na baba yake mzazi anatunzwa na watu baki, tena amelazwa mgeni kitandani mwake. Nilisema moyoni, huyu mama ana roho gani?

Jumapili moja nikiwa zamu, mzee akaniuliza ninakaa wapi. Nikamtajia mtaa. Akainua kichwa. "Hiyo nyumba nimeijenga mimi. Nipeleke."

Sasa dada, wewe ungefanyaje? Mzee aliyejenga paa unalolalia anakwambia nipeleke kwangu, na kwake ni mwendo wa kumaliza rozari moja. Nilimvika koti, nikamfunga kamba za viatu, tukatoka. Sikumwambia mtu. Kwetu ni nani anayeomba ruhusa kumpeleka mzee kwa binti yake? Njiani alinishika mkono akaniambia majina ya miti. Nilikuwa na furaha, nikidhani Mama Jonas akituona atalia kwa furaha, pengine atanishukuru. Ujinga wangu wote ulikuwa hapo.

Mama Jonas hakuwepo, alikuwa ametoka kutembea. Mzee akaenda moja kwa moja chumbani. Akakuta kanga yangu imetandikwa kitandani, nguo zangu kitini. Akauliza, "Hilde yuko wapi?" Hilde ni mke wake, na alishakufa. Akafungua mlango mmoja mmoja akimwita, sauti ikipanda. Mimi namfuata na Kijerumani changu cha kuokoteza. Akajikojolea palepale ukumbini, akaona aibu, akaanza kutetemeka. Hapo ndipo Mama Jonas akaingia. Mzee akamwangalia mwanawe wa kumzaa, akapiga kelele, "Wewe ni nani? Umemfanya nini mke wangu?" Akamsukuma ukutani.

Polisi walikuwa wameshaanza kumtafuta, wakaja na muuguzi. Mzee akaukamata mlango kwa mikono miwili, hataki kutoka. Alilia, Dada. Sijawahi kuona mwanamume mzee akilia vile. Walipomtoa nami nilikuwa nalia, nimesimama pembeni sina kazi.

Mama Jonas hakunigombeza. Alipiga deki ukumbi wote kwanza, akakataa nimsaidie, kisha akaniita nikae jikoni. Akasema, "Nilimwogesha mimi miaka mitano. Alikuwa anawasha jiko anasahau, anatoka na nguo za kulalia kwenye theluji. Siku ya kumpeleka kule aliushika mlango huu huu. Nilimbandua vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Leo umenirudisha pale."

Nikasema nisamehe mama, kwetu mzee hatumwachi. Bora ningenyamaza. Maana aliniuliza taratibu tu, "Bibi yako unayemtaja kila siku, yuko na nani sasa hivi?"

"Na dada yangu."

"Dada yako analala?"

Dada Skola, nimewasiliana nawe karibu kila wiki tangu nifike huku, na sijawahi kukuuliza kama unalala. Naulizia mguu wa Bibi, jembe la Bibi, hamu ya kula ya Bibi. Juzi nimesikiliza upya sauti zako zote. Kuna moja unaongea kwa kunong'ona, na nyuma yako Bibi anamwita marehemu Babu afungue mlango. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Kwenye kikao, wakubwa wa kule kazini walitaka niondoke. Aliyenitetea ni Mama Jonas. Alisema sikufanya kwa ubaya. Lakini akasema pia kwamba hawezi tena kukaa nami, kila akinisikia napita ukumbini anamwona baba yake pale mlangoni. Kwa hiyo nimebaki, ila Jumamosi nahamia familia ya tatu, na kazini wamenitoa kwa wazee wameniweka jikoni. Sijafukuzwa. Saluni hukuifunga bure, kama hilo linakufariji. Mimi halinifariji sana.

Jana nilipanda ghorofa ya pili kuchukua vyombo. Mzee Walter alikuwa mlangoni na kofia yake. Hakumbuki kwamba tulikwenda, hakumbuki kulia. Anakumbuka tu kwamba mimi najua njia. Akaniuliza, "Tunaenda lini?"

Nikamjibu, "Kesho, Babu."

Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilishuka ngazi nikafungua bomba la maji ili wenzangu wasinisikie ninavyolia.

Sasa nakuomba unieleze ukweli, mimi nimeshakuwa mtu mzima. Kama unalala saa mbili, sema saa mbili. Kama Bibi amekusukuma au amekusahau jina, sema. Ukiniambia rudi, narudi, wala sitakununia. Nami namwandikia mjomba wa Ruhuwiko mistari yangu michache, kwamba nyumba yake ina watoto wakubwa watatu na hakuna hata mmoja anayekuja kukaa na Bibi ukaenda hata kusuka mtu kichwa.

Nisalimie mama mdogo Osmunda na kwaya yake, shemeji yetu fundi baiskeli, na mama jirani anayekuchotea maji mgongo ukikataa. Mwambie namuombea.

Bibi mpe mkono wangu, umwambie shikamoo yake imefika. Akiuliza narudi lini, nakuomba usimwambie kesho. Mwambie bado miezi saba. Akisahau akauliza tena, mwambie miezi saba tena.

Ni mimi mdogo wako, niliyechelewa kukuuliza,
Devota