Wimbo wa Upande wa Pili

Jumamosi, nimetoka Misigiri

Bado najiuliza kwa nini baba mdogo hakusema.

Ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya roki pale Singida Mjini. Walirekodi santuri moja tu. Redio iliupiga wimbo wa upande wa kwanza, basi. Ule wa upande wa pili, aliotunga yeye, haukumshtua mtu. Bendi ikafa, gitaa akaliuza. Mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba yake, maana wimbo ule ni mzuri mno.

Leo tulikwenda kwa shangazi. Tukakuta wanawake uani wanapura alizeti, wanaimba. Wimbo ule ule! Hata pale pa gitaa wanapapiga kwa mdomo, ndi-ndi-ndiii, huku fimbo zinashuka. Ulifikaje huku?

Nikamwamkia bibi mmoja, nikamuuliza ni wimbo wa nani.

“Wa nani tena? Wa bibi zetu huu, wa kupuria alizeti.”

Nikamtazama baba mdogo, nikajua sasa atasema. Akasema, “Ila hapo kwenye ndi-ndi mnawahi. Mngesubiri kidogo.”

“Mzee, umetoka mjini kuja kutufundisha wimbo wetu?”

Wakacheka. Naye akacheka, akaokota fimbo, akapura nao.

Nilitamani kuwaambia. Sijui kama ningempa kitu au ningemnyang’anya.

Njiani kurudi aliuimba kwa sauti ya chini. Alipofika pale pa gitaa akawahi, kama wao.