Povu la Mazutu

Jumatatu, 10 Juni
Nimeandika kilometa na lita kama kila wiki. Shefu akaingia na kitabu kidogo cha gari la ofisi. Kitabu kinasema lita nane kwa kilometa mia. Rejesta yangu inasema karibu kumi na mbili. Basi kwake dereva wetu, Papa Safari, ni mwizi wa mazutu, dizeli ya ofisi. Nimepewa hadi Ijumaa kuandika ripoti ya kumfukuza. Sahihi iwe yangu. Papa Safari alifundishwa kuendesha na marehemu baba.

Jumanne, 11 Juni
Sikula. Nimekumbuka lori la bluu la baba, kule Kimanga. Hakuamini namba ya mtu. Alijaza tangi mpaka mdomoni, akaenda Kamanyola, akarudi, akajaza tena. Kilichoingia mara ya pili ndicho lori lilichokunywa. Mimi nilimshikia kifuniko. Mikono yangu ilinuka mazutu hata kanisani. Nilipenda harufu ile.
Nitapima mwenyewe. Naogopa jibu.

Jumatano, 12 Juni
Papa Safari amejaza polepole mpaka mdomoni. Kamanyola, kwenda na kurudi, kilometa mia na hamsini. Mashimo na vumbi. Papa Safari akanicheka njiani: "Weye, daftari unaishika kama yai!" Sikucheka.
Tuliporudi nilimimina haraka, shefu akitazama dirishani. Lita kumi na mbili, mazutu yakafika mdomoni. Sawasawa na kitabu, si rejesta.
Papa Safari akakaa chini, mgongo kwenye tairi. "Minye sikuiba, mama." Nilimwamini kidogo tu. Naona aibu kuandika hivyo.

Alhamisi, 13 Juni
Nilianza ripoti asubuhi. Nilipofika kwenye jina lake, nikamkumbuka baba. Mimi nataka kufunga tangi nikacheze, yeye ananishika mkono. "Ngoja. Mazutu iko na povu. Acha ipumuzike." Kisha analisukuma lori kwa kiuno, linayumba, tangi linatoa hewa kama mtu aliyeshiba. Nilicheka kila mara. Nimesahauje?
Nikashuka uani mbio. Gari lilikuwa halijatoka tangu jana. Mazutu yameshuka, kidole hakiyafikii. Nikamwita Papa Safari. Tukalitikisa, tukamimina polepole, tukangoja, tukamimina. Zimeingia lita tano na nusu zaidi.
Jumla kumi na saba na nusu, karibu kumi na mbili kwa kilometa mia. Rejesta ilisema kweli. Yeye pia.

Ijumaa, 14 Juni
Nimetia sahihi kumi na saba na nusu. Shefu akasema kitabu kimeandikwa na wataalamu. Nikamwomba ashuke apime mwenyewe. Sijui nilipata wapi sauti.
Hakushuka. Lakini barua ya kumfukuza, aliyokwisha kuiandaa, ameirudisha kwenye droo.

Jumatatu, 17 Juni
Papa Safari amejaza tangi kabla ya kwenda Nyamianda. Bidoni la mazutu likaisha. Hakufunga. Tulisimama wawili tukitazama povu likishuka.
Kifuniko nilikishika mimi.