Rejista ya Mabeberu wa Kanyakine

Kanyakine, 3 Februari 2024

Kwa binti yangu Makandi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ni goti tu linalonikumbusha umri. Natumaini wewe na mumeo Mugendi mko salama huko Embu na kazi yako ya kompyuta inakwenda.

Nakuandikia barua pepe hii kama mwenyekiti wa kikundi cha mbuzi wa maziwa. Tuna mabeberu wanne katika vijiji vinne, na kila mwaka tunawahamisha ili beberu asije akapanda binti zake mwenyewe. Sasa daftari la ukoo wao limelowa mvua. Wanachama wanataka rejista iwe kwenye tovuti, kila mtu aione kwa simu. Kagwiria, yule wa saiba, duka la intaneti hapa sokoni, anasema kwanza tuchague lugha ya kompyuta ya kuiandikia kwenye seva, ile mashine inayohifadhi tovuti. Yeye alisomea moja inayoitwa PHP chuoni. Wewe unasemaje?

Baba yako,
Salesio Kaimenyi


Embu, 5 Februari 2024

Baba mpendwa,

Nilifurahi kuona jina lako. Sisi hatujambo. Hilo goti ulipeleke kwa daktari, usilipake tu mafuta.

PHP ni ya wazee, baba. Nitawaandikia kwa lugha inayoitwa Go. Ina kasi, na hata watu laki moja wakifungua rejista kwa pamoja, seva haitatetereka. Kazi nitaifanya mwenyewe bila malipo, na kukitokea shida yoyote uniambie mimi.

Tangu tumzike mama hujafika kwangu hata mara moja. Kiti chako kipo.

Binti yako,
Makandi


Kanyakine, 22 Mei 2024

Kwa Makandi,

Sijambo, natumaini nanyi pia. Rejista inafanya kazi na wanachama wanakushukuru. Misheck, ambaye kubisha ni kazi yake ya pili, anauliza hao watu laki moja watatoka wapi, maana sisi tuko themanini na wawili. Nimemwambia aache mdomo.

Beberu mweusi hana picha kwenye tovuti. Tafadhali iweke. Habari ya kuja Embu nitaiangalia tukishavuna.

Baba yako,
Salesio


Embu, 2 Juni 2024

Baba,

Picha nimeiweka. Ni beberu mwenye sura ya mtu aliyenyimwa chai. Goti linaendeleaje? Mkimaliza kuvuna niambie siku, nikutayarishie chumba. Nangoja.

Binti yako,
Makandi


Kanyakine, 14 Septemba 2024

Makandi,

Leo sina wakati wa salamu. Tovuti haifunguki tangu Jumatatu, na mabeberu tunawahamisha Jumamosi ijayo. Kagwiria ameangalia mambo yalivyoandikwa akasema ingekuwa PHP angejaribu, lakini hiyo lugha yako hajawahi kuisoma. Fanya haraka.

Baba yako,
Salesio


Kanyakine, 23 Septemba 2024

Makandi,

Nimepiga simu yako mara nyingi haishikwi. Mugendi ameniambia uko mzima, basi nashukuru Mungu.

Juzi tuliwahamisha kwa kukumbuka tu. Ilikuwa zamu ya beberu mweusi kwenda kijiji cha Misheck. Misheck akasema beberu huyo alishawahi kukaa kwao miaka ya nyuma. Mimi nikasema hajawahi. Unajua sisi hapa kila jambo linaamuliwa kwa kura, kwa hiyo tukainua mikono. Upande wangu ulishinda.

Baba yako,
Salesio


Kanyakine, 11 Machi 2025

Kwa Makandi,

Natumaini mko salama. Mimi mwili hauna neno, lakini moyo ni mzito.

Mbuzi wa Misheck amezaa mapacha, na hawakuweza hata kusimama. Wamekufa wote wawili. Tumefungua rejista, ambayo ilirudi yenyewe mwezi wa Oktoba, tukaona kwamba beberu mweusi ndiye baba wa huyo mbuzi aliyezaa, yaani alimpanda binti yake. Misheck alikuwa anasema kweli. Mimi sikulaumu wewe, kwa sababu mkono nilioinua ulikuwa wangu. Nimeenda kwake kuomba msamaha. Alinipa kiti lakini hakuongea.

Baba yako,
Salesio


Embu, 13 Machi 2025

Baba,

Pole sana, na pole zangu zimfikie Misheck. Rejista haikurudi yenyewe. Barua yako ya Septemba niliisoma siku ileile, na ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilikasirika. Tangu Juni nilikuwa nangoja uniambie siku ya kuja, na ulipoandika ukasema huna wakati wa salamu. Nikasema moyoni, wacha wangoje. Oktoba nikaitengeneza kimyakimya kwa aibu.

Kuna lingine, na hili linaniuma zaidi. Nilijua PHP ingewatosha kabisa, na Kagwiria angeweza kuitunza. Nilichagua Go kwa sababu hakuna mtu hapo sokoni anayeijua. Mama alikuwa ananipigia kila Jumapili. Alipoondoka nilijua wewe hutanitafuta bila shida, basi nikahakikisha shida ikitokea lazima mnitafute mimi. Nisamehe, baba.

Nimeanza kuiandika upya kwa PHP, na Kagwiria nimempa nywila zote. Aprili ikiisha hamtanihitaji tena. Kwa Misheck nitakuja mwenyewe.

Binti yako,
Makandi


Kanyakine, 18 Mei 2025

Mama yangu Makandi,

Nakuita hivyo kwa sababu jina lako ni la mama yangu. Ulipokuwa mdogo sikukuita kwa lingine, na sijui niliacha lini.

Umeamkaje? Mugendi naye anaendeleaje? Goti nililipeleka kwa daktari, nikakemewa.

Rejista ilikwama Alhamisi, na Kagwiria akaitengeneza kabla chai yangu haijapoa. Misheck tangu ulipomtembelea anaongea, na sasa hanyamazi.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu sikuwa na shida ya kutaja. Mama yako ndiye aliyejua kuongea na wewe bila shida. Mimi nilidhani nikikutafuta bure nitakusumbua kazini, na wewe huko ulikuwa unangoja. Nisamehe na wewe.

Jumapili ijayo nakuja Embu. Hakuna kitu kilichoharibika.

Baba yako,
Salesio