Tundu la Petroli Upande wa Kulia

Shoga, nimejifungia chooni nikuandikie.

Unaijua ile gari ninayoiunda na Baba gereji. Leo asubuhi alikata tundu la kujazia petroli kwenye bodi. Amelikata kulia. Tangi linajaziwa kushoto, paipu haiwezi kufika.

Mtu aliyefunga mabomba miaka arobaini, Philippa.

Nilipompelekea chai nilimkuta amelikodolea macho. Akaniuliza, "Nani amekata hapa?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Baba, baada ya kifungua kinywa."

"Acha utani, Hazel. Mimi ningekata kushoto."

Na msumeno ulikuwa bado mkononi mwake. Akauliza tena, nani amekata hapa.

Nikasema sijui. Akaniomba nimshikie futi apime upande wa kushoto.

Nikamshikia.